Iliyokuchoma Haikuwa Dawa

Imali,

Mama yako ndiye amenikalisha hapa mezani. Mimi nilitaka kukuambia kwa mdomo, jioni ukiwa unafunga sanduku. Akanivuta mpaka jikoni akasema, "Ukimwambia kwa mdomo utalia, halafu yeye ndiye ataanza kukubembeleza. Andika." Kisha akachukua blanketi yake akaenda kulala na wadogo zako. Kwa hivyo ujue hata yeye hataki kuniona. Amejua leo mchana tu. Wewe utajua kesho asubuhi kabla hujaenda chuo.

Mambo ya kuamka mapema na kuchunga vitu vyako amekwisha kukuambia, na ameyasema vizuri kuliko mimi. Yangu ni moja. Ndani ya sanduku umepanga zile tyubu za krimu, nimeona umezifunga kwa leso. Ule mkebe wa dawa ya lami daktari alikusisitizia uchukue mwezi uliopita umeuacha juu ya kabati, hata kifuniko hujafungua. Najua kwa nini. Wewe husema lami ilikuchoma ukiwa mtoto, na alama iko mguuni, sasa nani atabishana na alama?

Imali, iliyokuchoma haikuwa dawa. Ilikuwa lami ya barabara. Niliitoa kwa pipa la watu wa barabara, nikakupaka kwa mkono wangu, halafu nikasema ni ya hospitali. Nimesema hivyo mpaka leo.

Ukitaka kuwacha kusoma hapa, wacha. Una haki. Lakini yaliyobaki pia ni yako, na ninayaandika nikiwa na hasira, usidhani ni machozi. Machozi ningejihurumia nayo.

Ugonjwa ulianza ukiwa darasa la kwanza. Viwiko, halafu magoti, halafu ndani ya nywele. Madoa yaliyoinuka, na juu yake magamba kama majivu, ukijikuna yanamwagika kwa shuka. Nikakupeleka kwa dresa, yule mfunga vidonda wa dispensari ya kampuni ya chai. Yule mtu alikuangalia kutoka mlangoni, hata hakuvua kofia. "Upele," akasema. Akatupa mafuta ya kiberiti tujipake nyumba nzima. Tukajipaka, tukanuka wote kama mayai mabovu, na wewe ngozi ikakauka ikapasuka zaidi. Nikarudi. "Basi ni mba," akasema, akakuchora na ile dawa ya zambarau. Ukaenda shule na magoti ya zambarau. Watoto wa nyumba za laini wakakungoja kwa njia ya majani chai, "Samaki anapita! Leteni chumvi!"

Wale watoto niliwakimbiza na mshipi. Mama zao sikuwafanya kitu. Unakumbuka mama mmoja wa nyumba za mwisho, pale kwa mfereji, aliniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Baba Imali, hatukatai mtoto achote maji. Ila achote wa mwisho." Mimi nikajibu, "Sawa, mama." Sawa! Huyo mama amekufa zamani, tulimzika na mimi nilishika jembe, na bado nimemkasirikia. Lakini yeye alisema neno moja tu, kwa mfereji. Ndani ya nyumba yako ni nani aliyekununulia sweta ya mikono mirefu ndiyo watu wasione? Na siku mchungaji alikuja kunywa chai, ni nani alikuambia ukae jikoni? Ulikaa. Ukachungulia kidogo ukaniuliza polepole, "Baba, nitatoka saa ngapi?" Nikakuonyesha kwa kidole urudi ndani. Huyo mchungaji aliomba akashukuru kwa watoto wote wa nyumba hii.

Nilizunguka na wewe. Soko la Sosiot kulikuwa na mtu ametandika gunia, chupa zimejaa, anapiga kelele, "Hii inaondoa minyoo! Hii inaondoa madoa! Hii inaondoa mke mkorofi!" Watu wanacheka. Mimi sikucheka, nilinunua. Mafuta meupe, yananuka waridi. Asubuhi yake macho yako yalikuwa yamevimba, huoni. Baadaye daktari mmoja aliangalia chupa yake akasema ndani kuna zebaki, ati ni kitu cha kuua mtu polepole. Nikarudi Sosiot nimchape yule mtu. Gunia halikuwa hapo tena. Nikarudi nyumbani na hasira yangu nzima, haijapunguzwa hata kidogo. Sijui kama unakumbuka, lakini hiyo jioni nilikugombeza kwa sababu ulimwaga maziwa.

Hospitali kubwa ndiyo ilitupatia jina. Daktari wa ngozi, mzungu mzee, alikuvua sweta akakushika viwiko na mikono mitupu, bila glavu. Mimi baba yako nilikuwa siku hizo nakushika na kitambaa. Akasema inaitwa soriasisi. Si ukoma, si upele, haimwambukizi mtu, hakuna mtu ametulaani. Akasema haiishi kabisa, inaenda na kurudi, lakini inaweza kutulizwa, na anayetaka kuifukuza kwa haraka anajitafutia taabu. Akatupa mkebe. "Hii ni lami," karani akanitafsiria, "lami ya makaa ya mawe, imechanganywa na dawa ya kulainisha magamba." Upakwe usiku, mchana upakwe vaselini, na asubuhi kabla mvua haijaanza uwekwe juani mikono na miguu ikiwa wazi, jua pole peke yake, kwa sababu kwa jua kali ngozi yenye lami inachomeka upesi.

Ile dawa ilifanya kazi, Imali. Hii ndiyo sehemu nimekuficha kabisa, kwa hivyo wacha niirudie. Ilifanya kazi. Ilikuwa chafu, mto wako uligeuka rangi ya kahawa, na ulinuka kama nguzo ya simu. Nyapara wangu alipita mlangoni akauliza, "Baba Imali, mnajenga barabara humo ndani?" Haikuwa na haraka hata kidogo. Lakini mkebe ulipokaribia kuisha, viwiko vyako vilikuwa vimelala, unaweza kupitisha kidole usisikie kitu. Wewe mwenyewe ulikuwa unakuja kunionyesha. "Baba, gusa." Nikagusa bila kitambaa.

Halafu mkebe ukaisha. Mama yako alikuwa ameenda kwao Maragoli kwa matanga ya mamake. Kurudi hospitali ilikuwa niombe ruhusa. Nikaenda kwa nyapara, akanijibu mbele ya watu wa gereji, "Kila mara ngozi, ngozi. Kwani wewe unafuga mtoto ama unafuga ngozi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, ndiyo nionekane mtu wa kuelewa mzaha. Nikatoka hapo nimevimba. Na ndani ya hiyo hasira ndimo niliona, mbele ya trekta yangu ya kazi, mapipa.

Si unakumbuka walikuwa wanaweka lami barabara ya huku chini? Mimi ndiye nilikuwa nawaletea murram ya kutandika chini. Mapipa kwa mapipa yamepangwa kando. Nikasema moyoni, hawa watu wa hospitali wananifanya mjinga. Naomba ruhusa, natukanwa, nasafiri, napanga foleni kutwa, ndiyo nipewe kijiko cha kitu kinachomwagwa hapa nje na magari yanapita juu yake? Daktari alisema lami. Lami mimi naijua. Yale maneno ya makaa ya mawe nilidhani ni madaha ya karani.

Kiprono, yule kijana wa mapipa, alinichotea kwa kopo la mafuta ya kupikia. "Pwana, unataka kutengeneza paa?" akaniuliza.

"Ni ya mtoto."

"Ya mtoto!" Akacheka mpaka akashika tumbo. Alidhani nimefanya mzaha. Na hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama ajiulize kwa nini mtu wa lami anacheka.

Niliipasha kwa jiko pamoja na vaselini mpaka ikalainika. Nilijaribu kwanza, usidhani sikujaribu. Nilijaribu kwa kiganja changu. Kiganja cha mtu wa spana na grisi, ambacho hata kaa la moto linafikiria kwanza kabla ya kukiumiza. Nikaona iko sawa. Nikakuita. Nikaanza na mguu wa kulia, kutoka goti kuteremka chini.

Ulisema, "Baba, ni moto."

Nikasema, "Nyamaza, inafanya kazi."

Sasa ilikuwa imeshika. Dawa ya kweli inapanguka, hii iliganda kama imezaliwa hapo. Nikaona unatetemeka, nikachukua mafuta ya taa na kipande cha gunia nikaanza kuitoa. Nikasugua. Ngozi ikaja nayo. Hukupiga kelele, na ningependa ungepiga. Uliuma mkono wa ile sweta. Nimeota hiyo sweta.

Mama yako alirudi akakuta nimekufunga na kitambaa. "Nani amefanya hivi?" Na mimi, mwanamume mzima, nikasema, "Ni dawa yao ya hospitali." Ilitoka kirahisi. Sikuipanga, ilikuwa imekaa tu hapo mdomoni inangoja. Akakubeba mgongoni, na ulikuwa umeshakuwa mkubwa wa kubebwa, akaenda nawe hospitali, na mimi nyuma.

"Sista!" akaanza kutoka kwa lango. "Njooni muone! Mmemchoma mtoto wangu kama mahindi!"

Yule sista alikuwa msichana mdogo, wa upande wa ziwa, mpole. Akafungua kitambaa akaangalia, akanusa. Akasema, "Mama, pole sana. Lakini dawa yetu haichubui mtu hivi. Mlimpaka nini?"

"Kile mlitupatia nyinyi! Unataka kunifanya mwongo?"

"Sisemi hivyo, mama. Baba, ni kweli ni ile ya mkebe?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati, hakuna mtu mwingine angesikia. Ningeweza kusema. Nikasema, "Ni kweli." Mama yako akamwaga juu ya yule msichana maneno ambayo siandiki. Sista akainamisha kichwa akaanza kukusafisha kidonda, polepole, huku anatukanwa. Leo mchana nilipomwambia mama yako ukweli, kitu cha kwanza hakuuliza habari yako. Alisema, "Na yule msichana?" Halafu akanitupia ufagio.

Kidonda kilipopona, pale pale pakaota madoa mapya, mstari mzima. Ugonjwa huu unapenda mahali ngozi imeumia, ndivyo ulivyo. Wewe na mama yako mkaona ni ushahidi. Lami ikawa jina la shetani nyumbani. Mkebe mpya ukaja, mama yako akautupa kwa choo. Nikamwangalia akitupa.

Halafu zikaja tyubu. Ukiwa umeanza sekondari, daktari mwingine alikuandikia. Haina harufu, haichafui, nyeupe na safi kama ya wazungu. Wiki moja mikono ikawa laini, ukavaa blauzi ya mikono mifupi, ukatembea nayo mpaka dukani na ukarudi bila sababu. Niliipenda ile tyubu. Daktari alisema upake kidogo sana, juu ya madoa mazito peke yake, kwa muda mfupi, usoni hapana, na usiiwache ghafla. Maneno hayo niliyasikia yote. Ikaisha, ukalia. Nikaenda mjini kwa duka la dawa.

"Nipatie ile ya ngozi."

"Tyubu ngapi, mzee?"

Hakuniuliza lingine, na kila nikirudi haniulizi. Nimekasirika na huyo mtu pia, anauza dawa kali kama anauza peremende. Lakini yeye hakujua kuna dawa nyingine nyumbani iliyosingiziwa. Mimi nilijua. Kila tyubu niliyokuletea ilikuwa ya kukufanya usiulize habari ya mkebe.

Sasa angalia mikono yako. Hapo kwenye mkunjo wa kiwiko, ngozi imekuwa nyembamba kama utando wa chai ya maziwa ikipoa, na ina mistari mistari. Ukigonga meza kidogo unapata doa la damu. Na wakati wa mtihani, tyubu ilipokosekana mjini, ugonjwa ulirudi na ndugu zake wote, mgongo, tumbo, mpaka masikio. Ulifanya mtihani na shati limekushika mgongoni. Ulifaulu. Mimi sikuchangia chochote kwa huko kufaulu.

Ndiyo tukaenda mwezi uliopita kwa yule daktari mpya, mama mwenye miwani. Akakuonyesha mkebe. Ukausukuma juu ya meza ukarudi kwake. "Hiyo ilinichoma nikiwa mtoto," ukasema. Akashangaa. Akasema hajawahi kuona ikifanya hivyo. Ukavuta soksi ukamwonyesha alama, ukasema, "Muulize baba."

Mimi nilikuwa nimekaa pale na kofia kwa magoti. Akaniangalia. Wewe hukuniangalia hata, ulikuwa umeniamini. Nikasema, "Ni kweli."

Mara ya pili, Imali. Ya kwanza ningesema niliogopa mke wangu. Hii ya pili nilimwogopa nani? Wewe u mtu mzima, unaenda kuwa mwalimu, na mimi nimekutuma huko na uongo wangu ukiwa umeufunga kwa leso.

Juzi nilirudi kwa huyo daktari peke yangu, nikamwambia yote. Nilingoja anigombeze. Alivua miwani akasema, "Mzee, unaniambia mimi kwa nini? Mimi nina alama mguuni?" Nikasimama niende. Akaniambia nikae, ati hajamaliza. Akasema nikufikishie haya, na nimeyashika kichwani njia nzima ili nisichanganye. Usitupe tyubu kwa siku moja, ugonjwa utarudi na fujo. Punguza pole pole, siku unapaka, siku unaruka, usoni na kwa mikunjo wacha kabisa, na mwone daktari wa huko chuo mapema. Lami uanzie mahali padogo kwa mkono, uone ngozi inasema nini. Mahali pamechubuka usipake. Usiku, na nguo kuukuu. Jua kali siku uliyopaka ujifunike, kwa sababu lami inafanya ngozi ichomeke upesi. Hata hiyo yule mzungu mzee alisema, na karani akanitafsiria. Vaselini kila siku, hata siku ngozi ni nzuri. Na hakuna dawa kati ya hizi ambayo ni malaika, akasema, hata lami inaweza kukukataa. Lakini ikukatae yenyewe, si kwa uongo wangu.

Kwa bweni watauliza harufu ni ya nini. Sijui utawaambia nini. Mimi niliulizwa mambo rahisi zaidi ya hayo nikasema uongo, kwa hivyo hapo sina la kukufundisha. Najua tu kwamba wale waliokutenga kwa mfereji hawakukuumiza kama mtu aliyekuwa anakupenda na anaona aibu. Ukikutana na mtu wa namna hiyo tena, mpenzi ama rafiki, anayekushika na kitambaa, usikae kumngoja abadilike. Mimi nilichukua muda mrefu sana.

Mkebe sijauweka ndani ya sanduku lako. Nilikuwa nimeuinua kutoka kwa kabati, nimefungua sanduku na kila kitu, nikaurudisha. Nimeshakupaka vitu vya kutosha bila kukuuliza.

Asubuhi nitakuwa nje. Utasoma hii ndani, na mama yako amesema hutaharakishwa, gari la kwenda chuo likienda liende, kuna lingine. Usitoke ukanisamehe mbio mbio kwa sababu ya safari. Sitaki hiyo. Toka uniambie kila kitu, kwa sauti, hata majirani wasikie, na mimi nitasimama hapo na mdomo wangu umefungwa. Nikasirikie mimi, mwanangu. Nikasirikie sana, miaka yote unayotaka. Dawa haijakukosea kitu.

Baba yako